Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Jino lenyewe halikuwa linauma. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaa wetu una midomo, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba mdogo wangu alilia na jino wiki nzima na sisi tukakaa tunamtazama. Uongo mtupu. Mdogo wangu alikuwa akifungua soda kwa meno, mimi namgombeza, yeye ananichekea na kifuniko bado kiko mdomoni. Mtu mwenye jino bovu hafanyi hivyo.

Tulimwita Futi. Alipokuwa mdogo aliniibia futi yangu ya kushonea, ile ya utepe, akapima kila kilichokuwa ndani ya nyumba: mlango, ndoo, kitanda, kivuli cha mama, miguu ya wageni waliokaa kwenye kochi wasijue waangalie wapi. Nilimchapa, akaendelea. Ulipofika wakati wa kuchagua cha kusoma chuo kikuu, hakuna aliyeshangaa aliposema upimaji wa ardhi. Na alipochaguliwa kwenda kusoma mihula miwili kwenye chuo cha nje, kisha arudi amalizie hapa, mama alilia kidogo, akafuta uso, akauliza koti linauzwaje.

Basi tukaanza kujibana. Chuo cha huko kilikubali kulipa masomo na chumba. Tiketi, nguo za baridi na chakula cha mwanzo vilikuwa juu yetu, na sisi ni nani? Baba tulishamzika zamani. Mama anachemsha chai na kufagia kwenye ofisi ya maji. Mimi nashona mapazia kwenye karakana ya mama mmoja tunayemwita Bosi, tumekaa wanawake mstari mzima, kila mtu na cherehani yake, vumbi la pamba puani kutwa. Tiketi tuliyonunua ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, ya kwenda na kurudi kwa sababu ubalozi haukubali ya kwenda tu, na ilikuja na masharti yake: haibadilishwi tarehe, pesa hairudishwi, hapewi mtu mwingine. Ukikosa ndege, umekosa. Walitupa karatasi mbili; moja ya Futi, nyingine mama aliikunja akaiweka kwenye droo ya vijiko, chini kabisa.

Koti tulilipata kwenye mitumba, zuri kwa nje, ndani limechanika lote. Nikaling'oa bitana, nikatia mpya kwa mabaki ya kitambaa kizito cha pazia, kile kinachozuia jua kwenye kumbi za mikutano. Nilishona wakati wenzangu wanakula. Bosi akapita, akaona, akajifanya hajaona. Futi alipolivaa alisimama wima katikati ya chumba, mikono ameishusha, akasema huko wakimwona watamvuta upande mmoja ili waone nje. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu.

Sanduku nalo tulikuwa tunalipeleka kwa muuza nafaka wa pale kona, tulipime kwenye mzani wake, kwa sababu tiketi ya bei rahisi ina kilo zake na ukizidisha unalipa. Mama anatia sabuni, mzani unapanda. Anatoa sabuni, anatia shuka. Anasimama kando ameshika kiuno anaufikiria mzani kama vile umemkosea. Muuza nafaka akamwambia, mama, hili sanduku nimelipima kuliko maharage yangu. Mama akamjibu kwamba maharage yake hayapandi ndege.

Kilichotuponza ni sevisi. Futi alikuwa na rafiki aliyesoma chuo hicho hicho mwaka wa kabla yake, na huyo rafiki alimpa wosia mmoja: chochote cha mwilini kinachohitaji kutengenezwa, kitengeneze nyumbani. Bima ya wanafunzi huko, alisema, haigusi meno. Ung'oe jino moja tu, mwezi mzima unalala na njaa. Maneno hayo yalipofika mtaani yakatiwa chumvi: jino moja bei ya pikipiki, kuna mtu alifungwa kwa deni la jino, kuna mwingine alipanda ndege akarudi kung'olewa huku akaona bado kaokoa pesa. Basi tukamfanyia Futi sevisi kama gari la safari ndefu. Akapimwa macho, akatengenezewa miwani ya pili ya akiba. Akachomwa sindano zote zinazotakiwa. Akanyolewa kipara ili nywele zichelewe kumgharimu. Yakabaki meno.

Kwa meno tulikuwa na mjomba. Mjomba wetu, mdogo wake mama, anatengeneza meno ya bandia kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Ukiingia unakutana na rafu ya mataya ya plasta yaliyopangwa kama vikombe, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Kuna harufu ya nta na ya jiko la gesi, na kuna kiti cha kinyozi alichokinunua saluni fulani ilipofungwa, kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga pedali. Ujanani alifanya kazi miaka mingi kwa daktari wa meno, anaosha vyombo na kushika taa, na muda wote huo hakuwa amefumba macho. Daktari yule alipofariki, mjomba alibaki na koleo zake na ujuzi wa kuangalia. Nusu ya mtaa wameng'olewa na yeye. Wanamwita Daktari, kwanza ilikuwa utani, baadaye utani ukaisha. Mikono yake misafi, vyombo anachemsha, ganzi anachoma ya kweli. Sisemi haya kumtetea, nasema ilivyokuwa.

Na kabla hujaniuliza habari ya hospitali: tulikwenda. Hospitali kubwa walimpangia tarehe, na tarehe yenyewe ndege ingekuwa imeshaondoka. Kliniki ya kulipia tulifika mpaka mlangoni. Mama akasoma bei zilizobandikwa ukutani, akanishika mkono, tukaondoka.

Mjomba alimkalisha Futi kwenye kiti, akamkagua jino moja moja kwa kile kioo chake kidogo, akaguna. Meno yote mazima isipokuwa gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, lenye kidoa cheusi kama punje ya pilipili manga. Futi akasema mbona halimuumi. Mjomba akasema halimuumi sasa. Litamuuma katikati ya baridi, yuko peke yake, kwenye nchi ya jino bei ya pikipiki. Mama aliuliza mara mbili kama kweli ni lazima. Mjomba akamwambia dada, mtu haanzi safari na tairi lenye pancha. Futi alitutazama sisi watatu, akapandisha mabega, akafungua mdomo. Mimi nilishika tochi.

Lilikataa kutoka. Gego la mwisho lina mizizi iliyopinda, mjomba alikuwa anatueleza huku anavuta, jasho linamtoka puani, na Futi kashika mikono ya kiti mpaka vidole vimebadilika rangi. Kisha tukasikia kitu kimekatika, sauti kavu, ndogo. Mjomba akatoa gego, akaligeuza kwenye mwanga, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba si zima. Mguu mmoja ulikuwa umebaki ndani. Akachokonoa, akachokonoa, akaacha. Alisema kipande kama hicho hupanda chenyewe, fizi inakisukuma, ameshaona mara nyingi. Akampa pamba ya kung'ata na chumvi ya kusukutulia, na mama alipotaka kumpa chochote akakasirika kabisa. Alifanya kwa mapenzi, mpumbavu yule, ndiyo maana mpaka leo sijui nimweke wapi moyoni mwangu.

Kesho yake shavu lilikuwa limejaa. Siku iliyofuata uvimbe ukashuka chini ya taya, ukawa mgumu, na mdomo ukaanza kugoma kufunguka. Futi, badala ya kuogopa, akachukua futi yangu. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo, akafungua mdomo mpaka mwisho wa uwezo wake, akapima kati ya meno ya juu na ya chini, akatoka kututangazia. Leo nimepungua. Leo nimebaki pale pale. Alikuwa anaongea meno yamefungana kama mtu aliyenuna, na bado alitaka tucheke.

Mimi sikucheka. Nilirudi kutoka karakana, nikamgusa shingo nikakuta moto, nikasema tunakwenda hospitali sasa hivi, si kwa tarehe yao, kwa dharura, vaa viatu. Mdomo wangu hauna breki na siku hiyo niliuachia. Nilimwambia mjomba maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Yeye alikuwa amesimama mlangoni anaangalia sakafu, na mama amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika tama, anamtazama huyu, anamtazama yule. Aliyeninyamazisha ni Futi mwenyewe.

"Dada," alisema, "nikiingia hospitali leo watanilaza. Wakinilaza, ndege inaondoka. Tiketi nyingine hakuna, wewe unajua na mama anajua. Mnataka nilazwe au nisome?"

"Nataka uwe mzima."

"Nitakuwa mzima nikiwa huko."

 Mjomba akatoka, akarudi na vidonge vya rangi mbili kutoka lile duka la dawa la mbele ya chumba chake. Siku zile mfukoni mwake palikuwa pakavu kama kwetu, kwa hiyo alinunua nusu dozi. Nusu nyingine, alisema, Futi atamalizia akifika. Sijui alidhani huko nako dawa zinauzwa kwa kuhesabiwa kwenye kikaratasi. Lakini zilimsaidia, na hilo ndilo lililotumaliza. Siku moja kabla ya safari uvimbe ulilegea, homa ikashuka, Futi akanywa uji bakuli zima, akapima, akatangaza amepanda. Mama aliimba jikoni. Mimi nilimfuata mjomba chumbani kwake, nikapiga magoti nikamwomba radhi katikati ya yale mataya yake, akaniinua akasema yameisha mwanangu.

Uwanja wa ndege mama alimfunga skafu mpaka masikioni, na lile joto, watu wakawa wanageuka. Mjomba akamfundisha cha kufanya: pale kaunta usiongee sana, jibu kwa kichwa, wakikuona mgonjwa watakukatalia kupanda. Kwa hiyo Futi hakuongea. Alitukumbatia mmoja mmoja, lile koti la pazia linachakarisha katikati yetu, zito kama blanketi lililolowa, na alipofika kwangu akaninong'oneza kwamba nisitafute futi yangu nyumbani, anayo, atarudi nayo. Nikamwita mwizi mbele za watu. Akaniinulia dole gumba, akaingia ndani.

Alifika salama. Alituandikia kwamba chumba kina dirisha kubwa lisilo na pazia, angenituma niende nikapime, na kwamba baridi ya huko inauma mpaka jino aliloliacha nyumbani. Mama alitaka asomewe ujumbe huo tena na tena. Baada ya hapo akawa anaandika kwa kifupi. Nikamuuliza dawa kapata, akasema huko dukani hawauzi bila karatasi ya daktari. Nikamwambia basi nenda kwa daktari. Akajibu kwamba ataenda akishaandikishwa bima, na hata hiyo bima haigusi meno, anaogopa wasije wakamkomba hela yote ya chakula kabla hajanunua hata kijiko. Nikamwambia wakombe, tutaona huko mbele. Akasema sawa dada. Nikamuuliza mdomo unafunguka kiasi gani siku hizi, na akajibu hajapima.

Nilikaa pale kwenye cherehani nimeshika simu, naangalia neno hilo. Futi hajapima. Aliyepima miguu ya wageni hajapima mdomo wake mwenyewe. Nikatoka nje kwenye veranda ya karakana nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena baada ya kazi, ikaita mpaka ikakatika.

Kesho yake tulipigiwa na mwanafunzi mmoja wa huko anayejua lugha yetu. Alisema amekaa na mama wa ofisi ya wanafunzi pamoja na daktari, na yeye kazi yake ni kutufasiria. Mfanya usafi wa bweni alimkuta Futi amekaa kitandani na koti lake, kwa sababu akilala hapumui, na hata mate yalikuwa hayamezeki. Wakamkimbiza. Usaha ulikuwa umetoka kwenye taya ukapita shingoni mpaka kifuani. Walimpasua, wakamwekea mashine ya kupumua, wakafanya walichoweza. Alifariki alfajiri. Mfasiri mwenyewe naye ni mtoto tu kama Futi.

Mimi nikauliza gharama ya hospitali ni kiasi gani. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Nadhani ndilo swali nililolizoea. Akamuuliza daktari, kisha akasema daktari hajalielewa swali. Huko mtu akifika yuko mahututi haulizwi pesa mlangoni, anatibiwa. Habari ya bima kutogusa meno ni ya kusafisha na kuziba, si ya mtu anayekufa. Ila daktari na yeye alikuwa na swali lake, alitaka kujua kwa nini huyu kijana hakuja siku ile ile aliyofika. Angekuja siku ile angepona. Nilitamani mama asisikie hilo, lakini simu ilikuwa kwenye spika.

Chuo cha huko kilisema kiko tayari kumzika, kwa heshima zote na kwa gharama yao. Kumrudisha nyumbani kulikuwa juu yetu, na bei yake sitaitaja, haikuwa bei ya watu kama sisi. Tulichangisha. Bosi alitoa, ofisi ya maji walipitisha bahasha, muuza nafaka alitoa, mjomba aliuza kiti cha kinyozi. Haikufika hata nusu ya njia. Ndipo mama alipofungua droo ya vijiko.

Alivaa gauni lake la kutokea, tukaenda mjini kwenye ofisi ya shirika la ndege. Ndani baridi ya mashine, viti vya chuma, picha kubwa ya watu wanaocheka dirishani mwa ndege. Zamu yetu ilipofika, mama aliinyoosha ile karatasi juu ya kaunta kwa viganja viwili, mikunjo yote ikatoka.

"Mwanangu ana tiketi ya kurudi," alimwambia binti wa pale. "Imeshalipiwa. Naomba arudi nayo."

Binti alibonyeza mashine yake, akasema kwa adabu kwamba tarehe ya kurudi bado iko mbali, na tiketi ya namna hii haibadilishwi.

"Si neno," mama akasema. "Wamuweke huko mpaka tarehe yake ifike. Yeye sasa hana haraka."

Binti akanitazama mimi, nikamweleza. Mikono yake ikatoka kwenye mashine. Akasema pole mama, tena akalisema vizuri, kisha akaanza kueleza: marehemu hasafiri kwa tiketi ya abiria. Anasafiri kama mzigo, ndege inaweza kuwa hiyo hiyo lakini ni idara nyingine, na wanatoza kwa kilo.

"Kilo anazo," mama akasema. "Alipewa kilo za sanduku, za kwenda na za kurudi. Tulizipima wenyewe. Hilo sanduku lake liacheni huko, wagawieni watu. Mhesabieni yeye kwenye hizo kilo zake. Hakuwa mnene mwanangu."

Binti machozi yakamtoka yakadondokea kwenye karatasi ya mama. Alisema haiwezekani, mama yangu, mimi ningeweza ningefanya. Nilitaka kumtukana mtu, kwa roho yangu yote nilitaka kumtukana mtu, na hapakuwa na wa kumtukana. Mama aliifuta karatasi kwa upindo wa gauni, akaikunja upya, akasema ahsante binti yangu, tukatoka.

Wakamzika huko. Sisi tulitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, picha inaganda, inakuja, inaganda. Waliuliza avae nini, mama akasema koti. Mfasiri akatuambia kuna utepe wa kupimia kwenye mfuko wa koti, autume? Nikamwambia amwachie. Michango ya watu tulirudisha, nyumba kwa nyumba, na kila mlango ilibidi nieleze upya. Mjomba alitupa koleo zake kwenye shimo la choo. Siku hizi anatengeneza meno ya bandia tu, mteja anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na mtu akija ameshika shavu anamfukuzia mbali. Watu wa mtaa hawakutupenda kwa hilo. Wanasema tumewaharibia Daktari wao.

Mama alirudi kazini. Alichemsha chai, alifagia, hakuanguka, hakulia mbele za watu, na majirani wakamsifu kwamba ana moyo mgumu. Mimi ninayelala naye chumba kimoja nilikuwa nasikia mengine. Hakuwahi kusema Futi amekufa. Alisema yule aliyeko huko. Kitanda cha Futi alikuwa anakitandika, na nilipotaka kukitoa tupate nafasi ya kuweka cherehani nyumbani, aliniambia nikiache kwanza.

Tarehe ya kurudi ilipofika, nilikuwa najiandaa kwenda kazini nikamkuta sebuleni na gauni la kutokea, mkoba mapajani, ile karatasi juu ya mkoba. Nilijua, lakini nikamuuliza anakwenda wapi. Aliposema uwanja wa ndege nikamfokea, Mungu anisamehe. Nikamwambia tunakwenda kumpokea nani, huko ni kujitafutia wazimu, na nauli yenyewe iko wapi. Alinisubiri nimalize.

"Kiti chake kimelipiwa," alisema. "Lazima mtu aende akaangalie."

Tukaenda. Pale wanapotokea wageni palikuwa pamejaa watu, na nyuma ya nguzo, amevaa shati lililopigwa pasi, amesimama mjomba. Hatukuwa tumemwambia. Alituona, akataka kurudi nyuma, mama akamwashiria aje. Tukasimama watatu kwenye kile chuma cha kuzuia watu, mama katikati.

Ndege ilitua, wakaanza kutoka. Walitoka wenye haraka zao, wakatoka kina mama na watoto waliolala mabegani, wakatoka vijana wa rika la Futi, makoti mkononi, na kila aliyetokea alipokewa kwa vifijo na watu wake. Mama alimtazama kila mmoja usoni, hakuruka hata mmoja. Watu wakapungua. Wakatoka wahudumu wa ndege na visanduku vyao vya magurudumu, wanaongea habari za kulala. Kisha mlango ukajifunga na haukufunguka tena, na mlinzi akaja kusogeza vile vyuma. Mama akamwendea.

"Baba, kuna aliyebaki ndani?"

"Hakuna mama. Ndege imekwisha."

"Umehakikisha?"

Mlinzi alikuwa mtu mzima, akamtazama, akamtazama mjomba, akanitazama mimi. Akatuacha pale, akafungua mlango akaingia mwenyewe, akakaa kidogo, akarudi. Alisema amehakikisha, hakuna mtu. Mama akamshukuru. Akatugeukia, na karatasi bado iko mkononi.

"Basi mwanangu amekufa," alisema.

Miguu ikamkataa pale pale. Mjomba akamdaka upande mmoja, mimi upande mwingine, na alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Hatukuweza kumbeba. Mlinzi akatuletea kigari cha mizigo, tukamkalisha juu yake, gauni lake la kutokea tukalikusanya lisinaswe na magurudumu, tukamsukuma mpaka nje.